Mfuko Gani wa Sokoni Ununue? Mifuko Mbadala kwa Daraja, Kuanzia Bora Hadi wa Kuepuka

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa, ule ambao wengi tuliuita rambo, umepigwa marufuku Tanzania Bara, huku Zanzibar ikiwa imeuondoa miaka mingi kabla, mwaka 2006. Kanuni hazimgusi mwenye kiwanda na muuzaji tu: hata mnunuzi anayekutwa akiutumia anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, kufungwa kwa muda usiozidi siku saba, au kupewa adhabu zote mbili. Rambo tulipewa bure, au tulidhani ni bure, kwa kuwa gharama yake ililipwa mitaroni wakati wa masika. Mfuko mbadala unalipiwa kaunta, na kwa hiyo unastahili kukaguliwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Nimeipanga mifuko hii kwa kigezo kimoja: itarudi sokoni mara ngapi kabla ya kutupwa. Bei ya siku ya kununua inadanganya, kwa sababu mfuko wa bei ndogo unaonunuliwa kila Jumamosi humgharimu mtu kuliko kikapu kilichonunuliwa mara moja kwa mwaka.

Nafasi ya kwanza naipa kikapu cha ukindu au cha miyaa, yaani kilichosukwa kwa majani ya mimea ya jamii ya mitende, na sisemi hivyo kwa ajili ya kumbukumbu za bibi zetu. Kikapu husimama chenyewe, kwa hiyo nyanya hazipondeki chini ya viazi. Kina mdomo mpana unaomwezesha muuza genge kumimina fungu zima bila kukushikisha upande mmoja. Na kikifika mwisho wake, huoza. Ubora wake unajulikana kwa kukishika. Kwa kuwa kikapu hutengenezwa kwa kusuka chane, yaani vipande vyembamba vya majani hayo, kuwa ukili, yaani mkanda mrefu, kisha ukili huo ukazungushwa na kushonwa mkondo juu ya mkondo, udhaifu huanzia kwenye mshono kuliko kwenye msuko wenyewe. Kipindue, tazama kitako, kisha vuta taratibu mikondo miwili inayopakana: ukiona mwanga ukipenya kati yake, sukari iliyofungwa vibaya itapenya pia. Mikono iliyopita chini ya kitako na kupanda upande wa pili ni bora kuliko ile iliyoshikizwa mdomoni tu. Kama kimetiwa rangi, pangusa kwa kidole chenye maji, maana rangi isiyochemshwa vizuri huhamia kwenye mchicha na kwenye nguo. Kinuse pia, harufu ya ukungu ina maana kwamba kilihifadhiwa kikiwa kibichi, na ukungu huo hautoki. Vikapu vya Iringa vinavyosukwa kwa nyasi za milulu ni vizuri kwa mayai, mkate na matunda, lakini kwa kilo nyingi za mchele ningechagua miyaa.

Nafasi ya pili ni ya mfuko wa kitambaa kizito cha pamba au jinzi. Unakunjwa na kuingia kwenye mkoba, jambo ambalo kikapu hakiwezi, na kwa anayepitia sokoni akitoka kazini hiyo ni sababu tosha ya kuuweka wa kwanza. Ugeuze ndani nje uone kama mshono wa chini umepigwa mara mbili, kisha angalia mkono wa mfuko ulivyoshikizwa: mshono wa mraba wenye msalaba katikati hubeba mzigo, ilhali mstari mmoja wa uzi hufumuka. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kukushonea kwa mabaki ya kitambaa, na mara nyingi atashona vizuri kuliko kiwanda. Hata hivyo, usinunue mitano kwa sababu ina maua mazuri. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ili athari yake kwa tabianchi ishuke chini ya ile ya mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu hiyo haikuhusu mitaro iliyoziba wala mifugo inayomeza plastiki, kwa hiyo haimrudishi rambo; inachotuambia ni kwamba mfuko wa pamba unaokaa kabatini ni hasara.

Nafasi ya tatu ni ya ule mfuko mwepesi wa rangi unaofanana na kitambaa, ambao umejaa madukani kiasi kwamba ukisema "mfuko mbadala" watu wengi wanaufikiria huo. Mnunuzi ajue kwamba si kitambaa. Umetengenezwa kwa nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto bila kufumwa, yaani ni plastiki ya aina nyingine, na ule mwembamba huchanika na kuchambuka vipande vipande kama rambo tu. Kwa sababu hiyo kiwango kinachotakiwa Tanzania ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba, na jirani zetu wa Kenya, kupitia NEMA, mamlaka yao ya mazingira, walitangaza mwaka 2019 kuizuia mifuko hii kwa sababu ya ubora wake duni. Dukani huna mizani ya kupimia gramu hizo, ila una macho: tafuta jina la mtengenezaji lililochapishwa, uinue kwenye mwanga, na ukiuona mkono wako waziwazi upande wa pili, urudishe. Uliofikia kiwango hutumika kwa miezi.

Mfuko wa kaki, yaani wa karatasi ya kahawia, unafaa kwa mkate, maandazi na dawa za duka la dawa. Ukilowa umekwisha, na kwenye bodaboda wakati wa mvua ni kujitafutia balaa.

Vile vifuko vyembamba vinavyoonyesha ndani, visivyo na mikono, usivinunue kabisa kama vibebeo. Kanuni zinaruhusu plastiki ya kufungashia bidhaa za viwandani, za afya, za ujenzi na za kilimo, na baadhi ya wafanyabiashara wamejificha nyuma ya ruhusa hiyo kwa kukufungia vitunguu ndani ya kifungashio. Ukikubali, unabeba rambo lililobadilishwa jina, na hoja ya "nimepewa na muuzaji" haikuondolei kosa.

Swali linalobaki ni nyama na samaki, ambao hakuna mfuko hata mmoja kati ya hiyo unaowafaa. Nunua kopo la plastiki ngumu lenye mfuniko unaobana, la ujazo wa kilo mbili hivi, na ulitenge kwa kazi hiyo tu. Mpe muuza bucha alipime likiwa tupu kabla ya kutia nyama, kwani mizani yake isiporudishwa kwenye sifuri utalipia kopo kwa bei ya steki. Ukienda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kununua samaki wengi, ndoo ndogo yenye mfuniko ndiyo yenyewe, nayo huingia vizuri ndani ya kikapu.