TAHADHARI: mwenye kuuza mashine ya muziki ya DAC pale galeri ya mjini Lubumbashi ni mwizi, musimupe hata franka moja

Bandugu, niko naandika hii masikio inawaka kwa haya. Kaka alinitumia kaske ya masikio kutoka Ubelgiji, ya 250 ohm, ni kusema ni ngumu kusukuma, inaomba nguvu kuliko ya telefone. Nilichoka kuisikia inanong'ona ku telefone sawa mgonjwa, nikasema mwezi huu natafuta DAC (kamashine ka kugeuza namba za muziki wa ordinatere kuwa sauti) yenye ampli ya kuongeza nguvu ndani, nisikilize muziki ku nyumba sawa mutu. Basi niliitafuta, nikaipata, na nikaibiwa dola 95 mchana kweupe, feza nimezitoa na mkono wangu mwenyewe.

Ilikuwa siku ya posho, saa nane hivi. Kijana mupole, shati imepigwa pasi, hakunivuta mkono sawa bale bengine. Kitu cha kwanza aliniuliza: "Yaya, kaske yako iko na ohm ngapi?" Nani mu Lubumbashi nzima anakuuliza ohm? Pale pale moyo wangu ulishaingia mu mfuko wake. Nikamwambia 250, akatoa kaske yake kubwa, akaunganisha ile DAC ya pa meza ku ordinatere, akapiga rumba ya kizamani, na ile gitaa ya sebene ilipoingia nilisikia mpaka kidole cha mpiga gitaa kinateleza pa waya. Nilifunga macho. Baba wa batoto batatu, nimesimama mu galeri ya batu, nimefunga macho. Sasa najua alikuwa amepandisha sauti juu kuliko ya telefone yangu yenye tulilinganisha nayo, na sikio la mutu kitu kikipiga nguvu zaidi kidogo tu linakiona kizuri zaidi, hata kama ni kile kile. Lakini pale akili ilikuwa wapi.

Mutaniuliza juu ya nini nilimwamini. Kulikuwa na nyingine ya dola 180, na yeye mwenyewe njo alinikataza: "Ile uiache yaya, utatupa feza bure, tofauti hautaisikia." Mwizi gani anakukataza ya bei kali? Nikaomba apunguze ya 95 ifike 80, akakatala, hata dola moja hakutoa, na mi kichwani mwangu mwizi ni ule mwenye kupunguza haraka haraka. Tena akanielezea chipu zenye kukaa ndani ya DAC, za kampuni AKM ya Japani na zile za ESS ya Marekani, akafika mpaka ku ule moto wa kiwanda cha AKM mwaka 2020 vile ulifanya chipu zao zikosekane. Na ile ni kweli! Nilishaisoma. Mutu anakudanganya na mambo ya kweli, utamukamatia wapi?

Kisha tukafika ku feza, na hapa njo haya yangu yote iko. Alizikamata noti zangu moja moja, akazinyanyua ku mwanga, akazigeuza, ya 20 ilikuwa imepasuka kidogo pa pembe, kidogo sana sawa jino la panya, akairudisha: "Hii haipite, yaya." Nikatoka inje, nikaenda kwa babadilishaji, nikapoteza dola 2 juu ya kupata noti safi, nikarudi mbio na jasho sawa mwenye kuchelewa. Alikagua feza yangu kuliko mi nilivyokagua mashine yake. Mashine mi sikuigusa! Maana aliniambia, "Ya pa meza imeguswaguswa, weye chukua mupya, plastiki bado," akainama chini ya meza, akatoa kartoni. Nilimushukuru. Nilimuombea Mungu amubariki.

Niliipima pa mkono, nzito, nikasema eeh, hii iko na ampli ya kweli.

Ku nyumba umeme hakuna, na ordinatere yangu munaijua, batri ilikufa kitambo, bila umeme ni sahani tu. Umeme ulirudi kesho yake, saa tano ya usiku. Garanti yake ilikuwa masaa 24, fanyeni hesabu beye wenyewe. Nikachomeka: mlio sawa nyuki mu chupa. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, bado nasikia mke wangu anageuka ku kitanda kuliko muziki. Pa kioo kidogo taa ya buluu inaandika 384, ile kHz, ni kusema sauti inapimwa mara elfu 384 mu segonde. Nikaweka wimbo wa CD, wenye unapaswa kuandika 44.1, inaandika 384. Nikasimamisha wimbo, 384. Mke wangu akasema labda ni namba ya nyumba.

Fundi wetu wa Kamalondo njo aliifungua. Ndani kuna kabao ka ukubwa wa kidole gumba, na chipu ya CM108, ile ya mu bidude bya USB bya bei ya kutupa, inaishia 16 bit (ukubwa wa namba ya kila kipimo cha sauti) na 48 kHz. Chipu haina kosa, kosa ni kuivalisha kanzu ya mashine ya 384. Ile namba haipime kitu, ni taa tu iliunganishwa iwake vile vile. Na pembeni, kipande cha chuma kimebandikwa na silikone. Chuma! Njo ule uzito wenye nilisifu.

Kazi moja nikarudi kwa ule kijana. "Yaya, uliifungua, garanti ilikufa." Mbele ya bakliyan bengine akaongeza eti labda masikio yangu njo iko na tatizo. Kazi mbili, meza hakuna, telefone imefungwa.

Jina la pa kartoni silitaji, ile kampuni nayo iliibiwa jina. Lakini ule kijana anapaswa kulala mu gereza ya Kasapa, alale pale mpaka ile shati ipoteze pasi, na wenye galeri batuambie kodi ya ile meza ilikuwa inalipwa na nani, maana haiwezekani mutu auze chuma miezi na miezi batu banapita tu. Alipe kila mutu. Alipe na dola zangu 2 za kubadilisha noti.

Aa, na mukienda kununua kwa mwingine: beba ordinatere yenye batri imejaa, chomeka ile yenyewe ya mu kartoni. Ikijiita "USB PnP Sound Device" na ku mipangilio ya sauti haipite 16 bit 48000, toka. Namba ya seriye ya kartoni na ya pa mgongo wa mashine zilikuwa tofauti, niliona kisha. Akikwambia ya pa meza imeguswaguswa, omba ile ile.

Mwenye ameona ile meza imehamia wapi aniandikie, hata usiku wa manane. Sitaki mumupige. Nataka nimuulize tu, na ile noti mpya ya 20 mukononi mwake, kama inapita.