Liwa, mshubiri, ndimu au tyubu ya duka la dawa: nini kinasaidia chunusi?

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni. Leo nimeweka mezani vitu mnavyoniuliza sana kuhusu chunusi: liwa (msandali) na jiwe lake la kusagia, jani la mshubiri (aloe vera), ndimu, asali, mafuta ya karafuu, sabuni ya mwani, kichupa cha mafuta kilichoandikwa Tea Tree, na tyubu hii ya benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka ya chunusi. Vingi vya hivi unavipata soko la Darajani, Unguja, kwa mzunguko mmoja tu.

Nikwambieni kwanza navipima vipi. Ngozi zetu, nyeusi na maji ya kunde, zikiwashwa au zikiungua huacha doa jeusi. Kipele chenyewe huondoka baada ya siku kadhaa, doa lake linaweza kukaa miezi. Kwa hiyo dawa inayokausha kipele lakini inaiunguza ngozi, kwangu mimi haifai, hata kama imetoka kwa bibi.

Tuanze na ndimu, na hii naiondoa mezani kabisa. Ndimu ina furanokumarini, kemikali ambazo zikikutana na jua zinaichoma ngozi, inatoa malengelenge kisha weusi wa muda mrefu. Na jua letu mnalijua. Msichana anapaka ndimu asubuhi, anakwenda skuli kwa mguu, kesho yake au kesho kutwa shavu linamuwaka. Jamani, ndimu tuikamulie samaki.

Mafuta ya karafuu. Wapemba, najua karafuu ni roho yenu, na pale Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta yake. Yana kwa wingi kemikali iitwayo yujenoli (eugenol), na ni kweli yujenoli inaua vijidudu. Lakini mafuta haya yakipakwa bila kuzimuliwa yanaunguza, tena uso ni ngozi laini. Jino likiuma, sawa. Shavuni, hapana.

Asali imejaribiwa vizuri. New Zealand, mwaka 2016, walichukua watu 136, wote wakawa wanaoga uso kwa sabuni ya kuua vijidudu, nusu yao wakaongezewa asali ya kanuka, mti wa huko, iliyotayarishwa kitabibu. Haikuonekana kuwa asali imewasaidia zaidi ya sabuni peke yake. Ukipenda kupaka, paka, ngozi inapata unyevu. Usingojee chunusi ziishe kwa asali.

Sasa haya mafuta ya Tea Tree, ya mti wa Australia. Mwaka 1990 hukohuko Australia yalipambanishwa na benzoili peroksaidi kwa watu 124, kila moja kwa asilimia 5. Zote mbili zilipunguza chunusi. Tea Tree ilikwenda polepole, ila waliowashwa nayo walikuwa wachache zaidi. Mimi naipa alama nzuri, lakini tazameni chupa hii: ni mafuta matupu, siyo asilimia 5. Usiyapake hivi. Tafuta jeli iliyokwisha kutengenezwa kwa asilimia hiyo. Na msiyachanganye na mafuta ya nazi kwa ajili ya uso wenye chunusi, maana mafuta ya nazi huziba vitundu vya ngozi.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini: mshubiri. Iran, mwaka 2014, wagonjwa 60 wenye chunusi walitibiwa wiki nane kwa krimu ya tretinoini, dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A. Wengine walipaka krimu peke yake, wengine wakaongezewa jeli ya mshubiri. Waliopata vyote viwili walipona vizuri zaidi, na wekundu ulikuwa mdogo. Mmeona? Mshubiri haukuchukua nafasi ya dawa, uliibeba dawa. Ndivyo nnavyoutumia: dawa kwanza, mshubiri baadaye kupooza. Ukikata jani, lisimamishe kwanza, utomvu wa manjano utiririke wote, kwa sababu utomvu ule unawasha. Chukua ile nyama ya ndani inayong'aa. Jaribu ndani ya mkono kwa siku mbili kabla ya uso.

Liwa naipenda, sitaficha. Ikisagwa kwenye jiwe safi na maji ya mawaridi, inatuliza na inanukia. Kuondoa chunusi siyo kazi yake, ila haitoudhi uso ukiipaka taratibu na ukaiosha bila kuparuza. Singo, ule msugo wa manukato wa bibi harusi, ni jambo jingine. Nyinyi masomo, yaani makungwi, mnaomsinga bibi harusi, mwili sawa, lakini uso wenye vipele msiusugue. Kusugua kunazidisha uvimbe, na doa litabaki hata baada ya fungate.

Sabuni ya mwani, kazi ya kina mama wa Paje na Jambiani, ni nzuri ya kuogea. Inakaa usoni dakika moja kisha inaoshwa, kwa hiyo isihesabiwe dawa. Yenye chembechembe iwe ya mwili.

Tunabaki na tyubu. Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, na wengi wanadhani asilimia 10 ndiyo kali na bora. Asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa, na muwasho wake ni mdogo. Kwa ngozi zetu, chukua hiyo. Paka nyembamba eneo lote linalotoa vipele, usiku mmoja na kupumzika mmoja, kisha ongeza. Subiri wiki nane hadi 12. Angalizo: inachujisha rangi ya kitambaa, kwa hiyo kanga, mtandio na foronya viwe vya zamani.

Na tafadhali, zile krimu za kung'arisha zinazouzwa bila maelezo, msizitumie kwa chunusi. Nyingi huwa na steroidi ndani, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Wiki ya kwanza uso unatulia, unafurahi, kisha chunusi zinafumka upya, na ukiacha zinazidi. Ikiwa umekwisha kuzitumia muda mrefu, mwone daktari kabla ya kuziacha ghafla.

Kama una mauvimbe makubwa ya ndani, yanayouma au yanayoacha makovu, vitu vya mezani hapa havitoshi, nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Na ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto, usipake tretinoini wala adapalini, dawa ya aina hiyohiyo, na mwambie mwuzaji wa duka la dawa kabla hujanunua chochote.

Niandikieni hapo chini umri wako, unapaka nini sasa, na ngozi yako ni ya mafuta au kavu. Nitajibu kwa video.