Shabu au soda ya kuokea: kipi kinafaa kwapani?

Ukitaka kuachana na deodoranti ya dukani, mabishano mara nyingi huangukia hivi viwili. Tuelewane kwanza: usitegemee kimojawapo kikukaushe jasho. Jasho likitoka tu halinuki kitu. Kikwapa huletwa na bakteria wanaolivunjavunja, na hao ndio tunaowaandama.

Kwa gharama, vyote ni nafuu, ila kipande cha shabu hudumu miezi mingi. Unakilowesha, unapaka kwenye kwapa safi, unakifuta, basi. Kikianguka kikameguka, angalia zile kingo kali zisikukwaruze. Mafuta kwenye nguo hakiachi. Lakini kama unachokimbia kwenye deodoranti ya dukani ni alumini, shabu nayo ni chumvi ya alumini, jambo ambalo wanaoisifia kuwa "ya asili" hupenda kuliruka.

Soda ya kuokea haina alumini, na kwa harufu iliyokwisha kuanza naiona ina nguvu zaidi, maana hutuliza zile asidi zinazonuka. Taabu yake ni ngozi. Soda ikilowa ina pH (kipimo cha asidi; namba ikipanda, asidi hupungua) ya 8 na ushei, ngozi iko kwenye 5 hivi, kwa hiyo wengine huwashwa na kupata vipele. Halafu wengi huichanganya na mafuta ya nazi, ambayo joto la nyuzi 25 tu huyayeyusha, na fulana ndiyo inayoumia.

Mwenye ngozi inayodhurika upesi aanze na shabu. Anayekwepa alumini achukue soda, kidogo kidogo. Aliyetoka kunyoa asubiri kesho, vyote vitamchoma.