Seti ya Nguzo Saba: kinara safi, kadi zina upungufu
Seti hii huuzwa kwa shule za Wamarekani Weusi zinazofundisha Kwanzaa, sikukuu yao ya siku saba yenye misingi saba iitwayo Nguzo Saba: kinara (kishikio cha mishumaa), mkeka, kikombe cha umoja, mishumaa saba na kadi saba za msamiati. Mahindi, ambayo nayo huwekwa mkekani, utajinunulia. Kinara ni cha mbao nzito, hakiyumbi, ila matundu ni mapana. Mshumaa huinama na nta hudondokea mkeka mkavu, hatari tupu watoto wakiwa karibu. Zungushia foili kwenye kitako.

Tatizo kubwa ni kadi. Zina nomino peke yake, hivyo mtoto hukariri “ujima” (nguzo ya kufanya kazi pamoja) lakini hawezi kusema “tushirikiane kusafisha uwanja”. Nyuma ya kila kadi andika kitenzi na sentensi mbili za kazi za mtaani. Anzeni mazoezi Novemba; kungoja tarehe 26 Desemba, Kwanzaa inapoanza kwa kuwasha mshumaa mweusi, ni kuchelewa.