Nililipa elfu 30 kujifunza kuongea nusu dakika

Nauza unga wa ndizi. Ndizi zinatoka Kibosho. Nazikausha na kuzisaga mwenyewe hapa Pasua. Miezi mitano nilizunguka maduka ya Moshi mjini nikirudi na mzigo uleule, mpaka mdogo wangu akaniletea habari za mafunzo ya kunadi biashara kwa nusu dakika, wenyewe wanaita "elevator pitch". Nusu siku, shilingi 30,000, chai na chapati humo humo.

Jina lenyewe limetoka kwenye lifti: umepanda na mtu mwenye pesa, mlango ukifunguka awe ameshaelewa unafanya nini. Mwenye duka aliyezungukwa na wateja naye hana muda zaidi ya huo. Mwalimu akaweka simu mezani, sekunde 30. Zangu zilikwisha bado naeleza jinsi bibi alivyokuwa akikausha ndizi darini, juu ya moto. Akaniuliza, "Sasa dada, unataka akupe nini?" Kweli, miezi yote ile nilieleza tu, sikuwahi kuomba kitu.

Tukaandika upya. Sasa naanza na mzazi: "Mama anayetoka alfajiri hana muda wa kumenya ndizi za uji wa mtoto. Unga huu unaukoroga na maji baridi, dakika 10 uji tayari. Naomba nikuachie pakiti 10 mali kauli, wiki mbili zikiisha zilizobaki nachukua." Swali lile moja lilitosha hela yangu.

Ila watu 12 kwa mwalimu mmoja ni wengi mno. Kila mtu alijaribu mara mbili tu, ya pili mbio mbio. Halafu mfano aliotugawia haukuwa na salamu. Huku kwetu ukimvamia mzee dukani bila shikamoo, umeshaharibu. Nilimwambia, akakubali.

Jumamosi nikaenda duka moja karibu na soko la Mbuyuni. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, sema, nina watu." Nikasema. Akageuza pakiti, akauliza alama ya TBS, ile ya shirika la viwango, iko wapi. Hilo mafunzoni halikuguswa kabisa, na ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanzia! Nikamwonyesha barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, nikamweleza maombi yangu ya alama hiyo yalipofikia. Akafikiri kidogo.

"Acha 5 kwanza."

Jana nimepita, zimebaki 2.