Darasa la Kijerumani Milimani, Kisumu: riviu ya mwenye aleji ya njugu

Nimesoma hapa hadi nikamaliza A1, yaani ngazi ya kwanza ya Kijerumani, na hii riviu naandikia hasa wenzangu wenye aleji ya chakula wanaopanga kwenda Ujerumani, iwe ni opea (kukaa na familia ukiwasaidia na watoto) ama kazi ya hospitali, juu kila mtu anauliza karo ni ngapi na mtihani ukoje, lakini sijasikia mtu akiuliza kama ataweza kumwelezea mpishi kwamba kuna kitu kinaweza kumuua.

Mimi ni njugu karanga. Hapa Kisumu mama wa hoteli ananijua, nikishuku mboga zimetiwa njugu ya kusaga nauliza tu na mambo yanaisha. Huko utauliza kwa Kijerumani, na weita ana haraka zake.

Kitabu wanachofuata hakisaidii kwa hilo, kinakufundisha kuagiza kahawa na keki na kulipa, basi. Kilichoniokoa ni mwalimu. Nilipomwambia shida yangu aliweka kitabu kando, akamfanya mwenzangu weita, mimi mteja. Nikaanza: Ich bin allergisch gegen Erdnüsse, yaani nina aleji ya njugu karanga. Hiyo ü ilinisumbua kweli, akaniambia nichonge midomo kama napiga mluzi halafu niseme i, ikakubali. Nikauliza: Sind da Erdnüsse drin? Yaani, kuna njugu ndani? Mwenzangu akajibu Ich glaube nicht, yaani sidhani, na mimi nikataka kuendelea kuagiza. Mwalimu akasema hapana, mtu akikujibu sidhani hujajibiwa, mwambie Können Sie bitte in der Küche nachfragen, aende jikoni akaulize. Tulirudia hapo hadi ikatoka bila kufikiria. Kwa hilo tu nampa maksi zote.

Alitugawia pia fotokopi ya vile vitu 14 vya kuleta aleji ambavyo sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitajwe, na tangu Desemba 2014 hata chakula kisichofungwa kwa pakiti kimo. Njugu karanga iko kivyake, korosho na lozi ziko kundi lingine, simsim pia imo, hata haradali. Kwa menyu utaona viherufi ama namba ndogo kando ya chakula na maelezo yake mara nyingi yako chini, lakini kila hoteli ina mpangilio wake so usikariri, soma. Kwa pakiti tafuta penye imeandikwa Zutaten, yaani viungo, aleji huwa zimekolezwa wino. Ukikuta Kann Spuren von Erdnüssen enthalten, yaani huenda ina mabaki ya njugu, rudisha kwa shelfu. Na isipoandikwa bado usijiachilie, hilo onyo la mabaki kampuni huweka kwa hiari. Namba ya dharura huko ni 112.

Sasa mabaya. Darasa la jioni limejaa kupita kiasi, unaweza maliza kipindi hujafungua mdomo, na fotokopi zimefifia nikalazimika kuandika upya kwa mkono ndio nipeleke saiba wanitolee kadi ya kuweka kwa waleti. Halafu haya mambo ya aleji hayako kwa silabasi yao, nisingeuliza tusingeyagusa, na hiyo si sawa kwa mahali panapoandaa watu kusafiri.

Ukienda, kabla ulipe ongea na mwalimu mwenyewe, si wa ofisi, umwambie aleji yako ni ya nini. Na chukua darasa la Jumamosi asubuhi, watu ni wachache utapata nafasi ya kuongea.