TAHADHARI: Oili feki ya haidroliki kwenye ndoo za lita 20, Mafinga mpaka Makambako

Wadau wa mbao na wenye loda, trekta, eskaveta, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anapita na pikapu kwenye viwanda vya mbao huku Mufindi, anauza oili ya haidroliki (ile inayonyanyua mikono ya mashine) namba 46 karibu nusu ya bei ya dukani, anasema imebaki kwenye mradi wa barabara. Mi nilichukua ndoo 4. Risiti hana, anakwambia atakutumia.

Ndoo ukiiona ni nzuri kabisa na mfuniko umebana, ila ile namba ya kiwandani chini ya lebo imekwanguliwa, na mimi nikaona nikapita tu. Asubuhi ya kwanza, baridi ya Mafinga mnaijua, loda ikawasha vizuri. Kufika saa tano imepata moto, pampu ikaanza kulia kama imemeza changarawe, kufungua tenki naona povu tupu, afu mikono ya loda ikawa inashuka yenyewe na gogo likiwa juu. Jamani kulikuwa na kijana pembeni anafunga mnyororo, alitoka mbio gogo likatua pale pale alipokuwa amesimama. Kila nikikumbuka mwili unanisisimka.

Fundi alipoifungua pampu gia zake zimechimbika mistari unaihisi kwa kucha, sili (zile raba za kuzuia oili isivuje) zimevimba. Akapaka ile oili kwenye karatasi nyeupe ikaacha doa jeusi katikati, akasema hii ni oili chafu ya injini imechujwa, ile ile tunayopaka nguzo mchwa wasile. Akadondosha tone kwenye bati la moto likachatachata, maana yake na maji yamo.

Watu wanadhani oili ya haidroliki kazi yake ni kusukuma silinda basi. Hiyo hiyo ndo inalainisha pampu, inabeba joto, inazuia kutu na ina dawa ya kukata povu, na hewa ikishaingia kwenye oili mashine inapoteza nguvu maana hewa inabonyea. Ile 46 ni kipimo cha uzito wake wa kutiririka (si kilo) ikiwa na joto la nyuzi 40, sasa huyu anaandika 46 ndani kuna kitu hakijulikani. Oili nzuri bei imechangamka kweli, ila inakaa masaa mengi na pampu inabaki nzima, mi sa hivi nimenunua pampu, sili, filta, na hiyo oili nzuri niliyoikimbia bado nimeinunua.

Nunueni dukani mdai risiti ya EFD (ya mashine ya TRA), mfungue ndoo kabla ya kulipa. Oili mpya inang'aa na unaona ng'ambo, ikiwa nyeusi, ina ukungu kama maziwa au inanuka kuungua iacheni. Mliouziwa msiimwage, wekeni chupa moja pembeni na ndoo yake mpeleke TBS (Shirika la Viwango) au FCC (Tume ya Ushindani), mi zangu 2 nimezifungia stoo.

Juzi dereva wa fuso kaniambia ile pikapu kaiona Makambako imepaki, nyuma imejaa ndoo.